Mlango wa Bwana Kesho

Siku mjukuu wangu alipoamua kuligawa lile gemu, hakuniambia nifurahi wala nilie. Aliniambia nivae viatu.

"Viatu vipi?"

"Vyovyote, Bibi! Tunachelewa!"

Nikavaa. Ukiishi na watu wa haraka unajifunza kuuliza maswali njiani. Lakini hata njiani hakutaka kuulizwa. Alitangulia mbele, begi la kompyuta linampiga kiunoni, mimi nyuma na kikapu changu cha sufi na sindano za kufumia, na kila nikifungua mdomo anageuka: "Usimtetee yule mtu leo. Leo sitaki kusikia."

"Nilitaka kukuambia kamba ya kiatu chako imefunguka."

Akainama akaifunga kwa hasira kama vile kamba nayo ilikuwa imemwahidi kitu.

Yule mtu, nyumbani kwetu tunamwita Bwana Kesho. Jina hilo alibandikwa na binti yangu, mama yake huyu msichana. Binti yangu ni mshona mapazia. Kwake yeye pazia lisilopigwa pindo halitoki dukani hata mteja apige magoti, kwa hiyo mtu anayeanza jambo akaliacha nusu anamwona kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Na kijana mwenyewe, nisimsingizie, ni mpole, ana maneno ya kuchekesha, ana macho ya kumnyamazisha mtoto anayelia. Ila kila kitu chake ni kesho. Simu atapiga kesho. Kiatu atakipeleka kwa fundi kesho. Nywele atanyoa kesho, na ndivyo alivyofuga kichaka.

Mjukuu wangu ni kinyume chake. Wenzake kazini wanamwita Siafu, kwa kuwa hachoki, na kwa kuwa anauma.

Sijui Mungu aliwakutanisha kwa sababu gani. Nadhani alikuwa anatania.

Waliamua kutengeneza gemu la kompyuta pamoja. Siafu anachora, Kesho anaandika yale maelekezo ya ndani yanayofanya picha itembee. Gemu lenyewe halina makuu: mtu anarudi kwenye nyumba, anatafuta mlango, anabisha hodi. Sauti kutoka ndani inamuuliza, "Nani huyo?" Sauti hiyo ni yangu. Siafu alinirekodi kwa simu siku moja nikiwa nakunja nguo, akaniambia, "Ya muda tu, Bibi, tutatafuta mwigizaji." Mwigizaji hajapatikana mpaka leo. Na jibu la yule anayebisha hodi nalo halikupatikana, kwa sababu Bwana Kesho kila akifika pale mlangoni anarudi nyuma anaongeza chumba. Mara chumba cha vioo, mara stoo, mara ngazi inayopanda mahali pasipojulikana. Nyumba ikawa inakua kama uvimbe, mlango uko palepale.

Hilo peke yake lingekuwa la kuvumilika. Lakini alikuwa ameweka na ahadi juu yake. Alimwambia Siafu, "Siku tutakayolimaliza hili gemu, ndiyo siku nitakuja kwenu kujitambulisha kwa mama." Binti yangu aliposikia alicheka kile kicheko chake kisicho na furaha. "Ahadi imefungwa kwenye kamba ya moshi," akasema. "Ngojeni tu."

Wakangoja. Wiki ile ya tukio, mama mtu akaweka kijiko chini mezani akasema, "Mimi sirudii. Mtu akitaka kuja kwa watu huja kwa miguu, haji kwa kompyuta. Mwezi huu ukiisha hajakanyaga hapa, usinitajie jina lake tena. Wala wewe usilitaje, mama," akanigeukia na mimi, "maana najua unamwonea huruma."

Siafu aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Basi ndiyo hivyo nikajikuta Jumamosi asubuhi napanda ngazi za chuo cha ufundi, nimeshika ukuta.

Ukumbini kulikuwa na meza ndefu, na nyaya za umeme zimetambaa sakafuni kama mizizi, zimebandikwa kwa gundi ya karatasi watu wasijikwae. Vijana kila upande, wamevaa hedfoni shingoni, wanakula biskuti kwenye pakiti. Mkusanyiko wenyewe wanauita Kijiti, kama kile wanachopokezana wakimbiaji. Unakuja na gemu ulilolianza likakushinda. Unasimama mbele, unaeleza limekwama wapi, halafu unaliweka mezani. Mwenzako akilipenda anabana kibanio chake cha nguo kwenye kompyuta yako, kila mtu na rangi yake, na kuanzia hapo gemu ni lake mpaka jioni. Jioni linaonyeshwa, liwe zuri liwe baya, mradi lina mwisho.

Msimamizi alikuwa mama mmoja mnene mwenye filimbi, wote wanamwita Refa. Akaipuliza nikaruka.

"Sheria ni zilezile!" akasema. "Aliyeacha hagusi tena! Hata kwa kidole! Anakaa pembeni, akiulizwa anajibu, asipoulizwa anafunga mdomo. Na mwenye gemu hawezi kulichukua mwenyewe. Kama ungekuwa na uwezo wa kulimaliza, usingelileta hapa!"

Watu wakacheka. Siafu hakucheka.

Zamu yake ilipofika alipanda jukwaani na kusema maneno machache, nayakumbuka: "Gemu hili ni la nyumba. Limekwama mlangoni. Anayebisha hodi hana la kusema. Nimechoka kumngoja. Anayelitaka achukue."

Akashuka.

"Bado una muda," Refa akamwambia.

"Sina la zaidi."

Alipokaa kando yangu niliona mikono yake imelala mapajani, viganja juu, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo akautua ila mwili bado haujaamini. Nikamwambia polepole, "Ukiligawa hilo, mjukuu wangu, unajua unagawa na nini."

"Najua, Bibi. Ndiyo maana nimekuleta. Nisije nikarudi nyuma."

Wa kwanza kuja alikuwa kijana nadhifu, miwani mikubwa, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina kona. Akacheza kidogo, akasikiliza sauti, akabana kibanio chake cha kijani.

"Nimelipenda," akasema. "Mimi nyuma ya mlango naweka zimwi. Hii sauti ya bikizee inatisha vizuri sana."

Nikaweka sindano zangu chini. "Bikizee ni mimi," nikamwambia. "Na sijawahi kumla mtu."

"Aa, samahani, Bibi! Nilikuwa nasifia!"

"Marahaba kwa sifa."

Bwana Miwani alikuwa bado anaomba radhi pale mlango wa ukumbi ulipofunguliwa kwa nguvu. Akaingia mtu anahema, kifungo kimoja cha shati kimefungwa tundu lisilo lake, kichaka chake kimelowa jasho. Sikuhitaji kugeuka. Nilimwangalia Siafu. Uso ulikuwa umekaza, mdomo umekaza, shingo imekaza, lakini macho, ee Mola, macho hayakuulizwa ruhusa. Yalimkimbilia yule mtu kabla mwenyewe hajawahi kuyazuia. Halafu akayarudisha, akayatupa sakafuni kwenye nyaya.

"Shikamoo, Bibi," kijana akasema.

"Marahaba. Umekuja leo?"

"Nimekuja leo, Bibi."

"Umefuata nini?" Siafu akamuuliza bila kumtazama.

"Gemu."

"Yako mengi. Chagua."

"Lile lililokwama mlangoni."

"Lina mtu."

"Lina kibanio kimoja. Sheria inaruhusu viwili, mwenye gemu anachagua."

"Wewe sheria umeanza kuzisoma lini?"

"Sasa hivi. Zimebandikwa kwenye ngazi."

Akatoa kibanio chekundu mfukoni, akakibana kando ya kile cha kijani. Kikaanguka, akakiokota, akakibana tena. Bwana Miwani akapiga makelele, Refa akaja na filimbi yake.

"Kuna tatizo gani hapa?"

"Huyu," Bwana Miwani akasema, "aliwahi kulishika gemu hili. Namfahamu, na nimeona alama zake ndani. Ni la kwao wote wawili. Mwenye gemu hachukui!"

Refa akamtazama Kesho, akamtazama Siafu, akamrudia Kesho. Ni mwanamke mtu mzima, nadhani alishaelewa zamani. Lakini sheria ni sheria. "Dada," akasema, "gemu umelileta wewe, neno ni lako. Huyu ni mwenzio, au si mwenzio?"

Msomaji wangu, hapo ndipo niliposahau kufuma.

Maana akisema huyu ni mwenzangu, Bwana Kesho anatolewa, na zimwi linaingia ndani ya nyumba yangu. Akisema si mwenzangu, kijana anapewa gemu, lakini amekanwa hadharani, mbele ya watu na nyaya zao. Watu wa meza za jirani walishaacha kutafuna biskuti.

"Sema ukweli tu," Kesho akamwambia kwa sauti ndogo.

"Ukweli upi?" Siafu akalipuka. "Ukweli upi, wewe? Ni nani kaufanya usijulikane? Mimi nikiulizwa nyumbani wewe ni nani wangu, najibu nini? Nikiulizwa kazini? Leo naulizwa na mama wa filimbi, unaniambia niseme ukweli! Upo wapi? Umeuweka chumba gani?"

Kesho akakishika kibanio chake.

"Ni mwenzio, au si mwenzio?" Refa akarudia kwa upole kidogo.

Siafu akamtazama Kesho usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Alimtazama kwa kirefu, kama mtu anayekagua chumba kabla ya kuzima taa. "Si mwenzangu," akasema. "Na ninamchagua yeye. Sitaki zimwi."

Nikauona uso wa yule kijana. Kwa neno moja kapewa alichokifuata na kanyang'anywa alichokipenda. Hakujua acheke au aanguke. Bwana Miwani akachukua kibanio chake akaenda zake kutafuta gemu jingine, nasikia aliambulia la nyuki.

Basi wakakaa. Kesho mbele ya kompyuta, Siafu kwenye kiti cha pembeni amekalia mikono yake, kwa maana ile sheria ya kutogusa ilikuwa inamwasha vidole. Mimi mwisho wa meza na kikapu changu. Nikajua leo kazi itafanyika. Ndivyo nilivyodhani.

"Swali," Kesho akasema. "Pazia la dirishani liwe na mistari?"

"Hapana."

"Kitasa kikae kushoto au kulia?"

"Kulia, kama cha kwetu. Ungekuwa umefika ungekijua."

"Sawa. Na zile vigae vya njiani, viwe..."

"Hivyo vigae! Hivyo! Na uliniuliza mwaka jana!"

"Samahani. Hivyo vigae viwe vya kijivu?"

"Bibi," Siafu akaniambia, "unamwona?"

"Namwona."

Adhuhuri ikafika, vijana wakapita na maji ya chupa. Kesho alikuwa ameshauliza rangi ya mlango, unene wa ukuta, na kama nyumba ina paka. Jibu la anayebisha hodi hajaligusa. Akajinyoosha mgongo, akakuna kichaka, na macho yakaanza kumng'aa kwa ile nuru ninayoijua, nuru ya mtu anayetoroka.

"Nilikuwa nawaza," akasema. "Tukiongeza korido fupi hivi, kabla ya mlango, ili mtu apate..."

Siafu akasimama. "Bibi, nishike."

"Kaa, mjukuu wangu."

"Nishike nisije nikampiga na hii ekstensheni ya umeme!"

Nami ni mtu wa subira. Nimelea, nimeugua, nimezika, nimesubiri maji bombani miaka na miaka. Lakini siku ile subira yangu ilifika ukutani. Nikamgeukia yule kijana nikasema, "Mwanangu. Mimi nipo humo ndani nauliza 'Nani huyo?' mpaka sauti imepauka. Nakuuliza kwa adabu. Kwa nini hunijibu? Nimekukosea nini?"

Akaondoa mikono kwenye kompyuta.

"Hujanikosea, Bibi," akasema. Akalitazama lile kasha la kijivu kwenye skrini, ambalo ndilo mlango, halijawahi hata kupakwa rangi. "Kila nikifika pale nasikia sauti yako, na nasikia kama ni kweli niko kwenu. Na sina jibu. Mimi nani? Chuo niliacha. Kazi ya kwanza niliacha. Mama wa Siafu anashona pazia moja mara tatu mpaka linyooke. Niseme ni nani nimekuja? Naona nikibaki njiani, angalau sijafukuzwa. Basi najenga chumba kingine."

Siafu alikuwa bado amesimama. Nilidhani atalainika. Wapi!

"Kwa hiyo," akasema polepole, "kwa kumwogopa mama yangu, mshona mapazia, mwanamke anayelia akimwona kuku amevunjika mguu, wewe umenijengea nyumba isiyo na mwisho, na mimi nimeichora yote, chumba kwa chumba, usiku na mchana, macho yangu yakawa mekundu, nikidhani tunajenga gemu. Kumbe tunajenga mafichoni!"

"Ndiyo."

"Na hukuweza kuniambia?"

"Nilitaka kukuambia ke..." Akajizuia. Jino likauma mdomo.

Hata mimi nilitamani kumpiga na ekstensheni.

Siafu akakaa. Akapangusa uso kwa viganja vyote viwili, akavuta pumzi. "Uliza swali la kazi," akasema. "Nitajibu. Ndiyo sheria."

Kesho akageuka na kiti chake, wakawa uso kwa uso, magoti yao yamekaribia kugusana. "Swali," akasema. "Yule anayebisha hodi, wewe ulitaka aseme nini?"

"Nilitaka aseme ni nani na amefuata nini. Basi. Sikutaka mashairi. Sikutaka awe na chuo wala kazi kubwa. Nilitaka asikike."

"Tu?"

"Tu."

Kijana akageukia skrini. Akaanza kufuta. Ile ngazi ya kwenda popote ikatoweka. Stoo ikaenda. Chumba cha vioo kikaenda. Siafu anatazama, na mimi namtazama yeye, kwa sababu michoro ile ni yake. Kila kilichofutwa kilikuwa siku zake. Walipofika kwenye chumba cha buluu, chenye dirisha na kiti karibu yake, kidole cha Kesho kikasimama juu ya kitufe.

"Hiki ulikipenda," akasema. "Nikibakize?"

Mkono wa Siafu ulitoka chini ya paja, ukasogea mezani, ukakaribia ule mkono wa kijana, ukabaki hapo. Hagusi, sheria hairuhusu. Kati yao palibaki nafasi ya kupitisha uzi. Nami nimeona maharusi wakishikana mikono mbele ya watu wote na sikuhisi kile nilichokihisi kwa mikono ile miwili isiyogusana.

"Futa," Siafu akasema.

Akafuta.

Baadaye Kesho akachukua simu yake akatoka kwenda kwenye ngazi. Tukamsikia anakohoa, ananyamaza, anakohoa tena. Siafu akaniuliza, "Ametoroka?" Nikamwambia, "Kaacha viatu." Kweli, alikuwa amevivua chini ya meza. Akarudi soksi zimejaa vumbi, akakaa, akaendelea.

Jioni watu wakavuta viti mbele ya ukuta mweupe ambapo magemu yanaonyeshwa. Ndipo nikamwona binti yangu anaingia, futi ya kupimia bado iko shingoni, mkoba chini ya kwapa. Alikuja kutuchukua. Akasimama nyuma kabisa, amekunja mikono.

"Bado hamjamaliza mambo ya watoto?" akaninong'oneza.

"Tunamaliza."

"Na yule anafanya nini hapa?"

"Anamaliza."

Akanitazama kama niliyepata homa.

Gemu la nyuki likapita, likakwama katikati, watu wakapiga makofi hata hivyo. Kisha Refa akaita lile la nyumba, na akatafuta mtu asiyelijua alicheze. Vijana wote wakatazama chini. "Yule mama wa futi kule nyuma!" Refa akasema. "Njoo, mama!"

"Mimi? Mimi sijui mambo hayo!"

"Kubonyeza tu, mama!"

Binti yangu hapendi kuonekana hawezi. Akaja mbele amevimba. Siafu alikuwa amenishika mkono mpaka pete yangu inaniumiza. Kesho alisimama kando ya ukuta, miguuni soksi tupu, rangi imemtoka.

"Nibonyeze wapi?"

"Mshale wa mbele, mama," Kesho akasema. Sauti ilimkatika, akarudia.

Kwenye ukuta mweupe mtu mdogo akatembea. Njia ya vigae vya kijivu, dirisha, pazia lisilo na mistari, kisha mlango. Hakuna chumba, hakuna korido. Binti yangu akasogeza uso karibu. "Hii mbona ni nyumba yetu?" akasema. "Hata kitasa kiko kulia."

Akabonyeza. Hodi ikasikika.

*Nani huyo?* ikauliza sauti yangu, ukumbi mzima, na watu waliokuwa karibu yangu wakageuka kunitazama.

Kisha ikaja sauti nyingine, imerekodiwa vibaya, ndani yake unasikia mwangwi wa ngazi na mtu anayeshuka na funguo. *Ni mimi. Nimechelewa sana. Nimekuja kwa ajili ya msichana wa nyumba hii, nataka mnijue.*

Lile kasha la kijivu likasogea upande. Mwanga ukatoka ndani. Basi, gemu likaisha.

Makofi yakapigwa ya kawaida. Kwa wengine lilikuwa gemu dogo tu. Binti yangu hakuinuka. Alikuwa bado anautazama ukuta.

"Mlango wenyewe haujapakwa rangi," akasema mwisho.

"Ndiyo, mama," Kesho akajibu. "Lakini unafunguka."

Binti yangu akavua futi shingoni, akaikunja, akaikunja tena, akaitia mkobani. "Twendeni nyumbani," akatuambia. Kwa kijana hakusema la heri wala la shari.

Tulipokuwa tunakusanya vitu, Kesho akaja. Akachukua kile kibanio chake chekundu akakibana kwenye mkanda wa begi la Siafu. Siafu akakitazama, akamtazama yeye, akapita. Lakini hakukitoa. Mpaka tunafika nyumbani kilikuwa pale, kinacheza.

Mlango wetu ni mzito, unakwaruza chini, lazima uusukume kwa bega. Tuliingia, binti yangu akawasha taa, akakaa kwenye kiti chake, na kabla hajavua kiatu cha pili akaanza. "Mtu anaweza kusema vizuri kwenye simu, kwenye ngazi. Maneno ya kurekodi hayana miguu. Msije mkanidhania mimi..."

Hodi ikapigwa.

Tukatazamana watatu. Jua lilikuwa halijazama vizuri, mwanga wake umelala sakafuni karibu na mlango. Siafu alikuwa ameshika begi kifuani, mkono juu ya kile kibanio.

Hakuna aliyeinuka. Basi nikauliza mimi, kama nilivyozoea.

"Nani huyo?"

Tukasikia pumzi upande wa pili. Kiatu kikakwaruza kizingiti. Binti yangu akaanza kuinua nyusi zake taratibu, zile za nilisema-mimi.

"Jibu basi, wewe!" Siafu akapiga kelele kutoka ndani, machozi na hasira kwa pamoja. "Jibu!"

Akajibu. Akataja jina lake. Si lile tulilombandika. Lile alilopewa na wazazi wake, pamoja na la baba yake, ambalo miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amelisikia nyumbani kwetu isipokuwa Siafu. Akasema amefuata nini. Sauti ilitetemeka, haikuwa na shairi hata moja, na ilisikika mpaka jikoni.

Binti yangu akavua kiatu cha pili. Akakipanga sawasawa kando ya mwenzake.

"Mwambieni haujafungwa," akasema. "Asukume kwa bega."